Matikiti ya Mfunguo Sita

"Hao nzi si wangu," alisema Rispah, mikono kiunoni, upande wake wa ua wa makuti. "Ni wako. Wewe ndiye uliyewaalika."

"Mimi nimealika nzi," akajibu Biasha kutoka upande wa pili, kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa wakinunua unga dukani. "Jamani njooni msikie, nimewapelekea kadi. Matikiti yanaoza kwako siku ya tatu leo, maji yake yanachuruzika mpaka jikoni kwangu, vitumbua vyangu hanunui mtu kwa kuwa nzi wamemtangulia kuonja. Halafu mwenye nzi ni mimi."

"Na nani aliyeniambia nipande?"

"Nilikwambia upande?"

"Uliniambia watu wa Waa wanayalilia matikiti mwezi wa sita. Leo ni tarehe kumi na tisa, mwezi wa sita. Wako wapi hao wanaolia?"

Kanze, muuza mchicha, alikuwa akipita na beseni kichwani. Alilitua chini polepole. Maneno kama yale hayasikilizwi na mtu aliyejitwika mzigo.

"Rispah mwanangu," Biasha alisema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka kidogo, "mimi nilikwambia mfunguo sita. Sikukwambia mwezi wa sita. Idd ya kuchinja imepita juzijuzi tu, pilau yangu umeila, na ya mumeo Joni ukampelekea kwenye sahani yangu ya maua ambayo mpaka leo sijaiona. Huu ndio mfunguo tatu. Haya hesabu mwenyewe. Nne, tano, sita. Maulidi bado kabisa."

"Sasa unanifundisha kuhesabu."

"Nakukumbusha sahani pia."

Kanze alicheka, kisha akauona uso wa Rispah, akajifanya anakohoa.

Kwa Biasha na watu wake, mwezi unaofuata Ramadhani ni mfunguo mosi, unaofuata huo ni mfunguo pili, na hesabu inakwenda hivyo mpaka mfunguo sita, ambao ndio mwezi wa Maulidi. Mtoto wa Waa anayajua haya kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Rispah hakuyajua. Alikuwa na miaka kumi na moja pwani, lakini kumi yote aliikaa Ukunda, katika nyumba za kupanga zilizojaa watu wa bara kama yeye, ambako hata muuza mahamri alikuwa ametoka Bungoma. Waa alikuwa amehamia mwaka mmoja tu. Siku ile ya mwezi wa pili alipokuwa akimsaidia Biasha kupepeta mchele, akamsikia akisifu Maulidi ya pale, jinsi watu wanavyomiminika kutoka Tiwi, Ng'ombeni na Likoni, wanavyokula matikiti mpaka maganda yanajaza mtaro, na kwamba yote hayo ni mfunguo sita, yeye alidhani ni Kiswahili cha adabu tu. Hawa watu si husema mosi badala ya moja? Basi na mwezi huenda huuita mfunguo. Akalitia neno kichwani. Hakuuliza, maana aliona haya kuuliza maana ya neno ambalo hata watoto walikuwa wakilisema.

Na alikuwa na haraka. Mumewe, Johnstone, alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani. Kila mvua za mwaka, za masika, zikianza wageni hukatika, na hoteli huwarudisha wapishi nyumbani bila mshahara, ikawaita tena mwezi wa saba. Miaka yote aliitwa. Mwaka jana mwezi wa saba uliingia, ukatoka, simu haikulia. Walioitwa walikuwa vijana waliotoka chuoni juzi. Johnstone akakaa kibarazani wiki nzima na simu mapajani kama mtu anayeatamia yai, halafu binamu yake akampigia kutoka Doha: kuna nafasi jikoni, njoo.

Rispah hakutaka Doha. Alikuwa amewaona wanawake wa Ukunda ambao waume zao walikwenda huko kwa miaka miwili. Mwanzo simu ilikuwa kila jioni. Kisha kila Ijumaa. Kisha ikawa ni yule mwanamke anayepiga, anaambiwa mtandao mbaya, mpaka ikafika siku hata yeye mwenyewe akaacha kupiga, na ukimuuliza baba watoto hajambo, anakuambia nyanya zimepanda bei.

"Nipe msimu mmoja," alimwambia mumewe. "Tukodi lile shamba la nyuma, tupande matikiti, yakomae Maulidi. Soko lipo, nimelisikia kwa masikio yangu."

Johnstone alimtazama sana. "Mmoja," alisema. "Matikiti yakiuzika, nakaa, na hutasikia tena jina la Doha. Yasipouzika, usinizuie."

Wakapeana mikono juu ya meza, kama watu wanaouziana mbuzi, kisha wakacheka kwa kuwa mikono ya wote wawili ilikuwa na sukumawiki.

Walipanda katikati ya mwezi wa tatu. Wazee waliopita njiani walisimama wakatikisa vichwa: tikiti la mvua, nani hupanda? Rispah aliwajibu kwa tabasamu la mtu anayejua siri. Mvua ilinyesha ikapitiliza. Nusu ya miche ikaoza, wakarudishia. Johnstone alichimba mitaro ya maji, akapiga dawa, akapalilia mpaka viganja vikatoka magamba. Na alikuwa akipiga mluzi. Hilo ndilo Rispah alilowasimulia watu, kwamba mume wangu anapalilia huku anapiga mluzi, shamba limemwingia moyoni.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita alichuma tikiti moja la mfano, akalipakata mpaka soko la Kombani kama mtu anayempeleka mtoto kliniki. Kheri, dalali wa matunda, alilipiga kwa kidole akasikiliza.

"Linalia vizuri," alisema. "Ila nimuuzie nani, mama? Huu kipupwe. Watu wanataka tangawizi ya moto. Hoteli za Diani nusu zimefungwa, na zilizo wazi wageni wake unawajua kwa majina. Tazama na pale."

Pale palikuwa na lori kutoka Lunga Lunga, likishusha machungwa ya upande wa Tanzania, mlima mzima, na wanawake walikuwa wakiyapanga mafungu ya sita sita kwa bei ya andazi moja. Kheri akalikata tikiti. Maji yalimwagika mezani kabla ya kisu kufika chini. Akaonja, akatema kwa heshima, pembeni.

"Mvua imelinywesha, hakuna sukari humu. Lakini mbona hamkupandia Maulidi? Wakati huo mimi hutafuta matikiti kwa tochi siyapati. Bei ninayotaja mimi ndiyo inayopita."

"Si ndiyo Maulidi hii," alisema Rispah. "Mfunguo sita."

Kheri alikuwa anatabasamu, akaacha. Hakumcheka. Laiti angemcheka, Rispah angepata mtu wa kumkasirikia papo hapo. Alimfutia tu meza, akamuuliza taratibu, "Nani alikuambia mfunguo sita ni leo, mama?"

Hata hivyo walichuma. Wakarundika matikiti uani, wakipiga simu huku na huku, wakiomba hata mwenye ng'ombe ayachukue. Hakuja mtu. Yakaanza kupasuka yenyewe, usiku unasikia tu, po. Jumatatu alfajiri Johnstone alitoka chumbani amevaa viatu vya kazini, begi liko tayari mlangoni. Rispah alisimama mbele ya mlango na hakujua amzuie kwa neno gani, kwa sababu mkono alikuwa amempa.

"Tulikubaliana, Rispah," alisema Johnstone. Alimshika bega, akapita.

Hayo yote Kanze aliyajua, na duka zima la unga liliyajua. Ndiyo maana hakuna aliyejaribu kuamua ugomvi. Walitaka Rispah aseme, apumue.

Na alisema. "Nyinyi mnajua kutucheka sisi wa bara. Ulituona tukipanda, Biasha. Tangu mwezi wa tatu ulituona, umesimama hapo hapo na kanga yako. Wewe ambaye paka akizaa kwa jirani unatangaza mpaka Kombani, wewe ukanyamaza. Mume wangu ameondoka kwa ajili ya mdomo wako, na siku ulipotakiwa kuufungua ukaufunga."

"Sikunyamaza," alisema Biasha.

"Ulinyamaza."

"Nilisema."

"Ulimwambia nani?"

Biasha akausogelea ua. Mwanamke huyu alikuwa na neno kwa kila mtu. Walisema hata siku ya ndoa yake alimsahihisha kadhi. Sasa alitazama chini, akaanza kung'oa kuti moja kwenye ua ambalo halikuwa na kosa lolote.

"Kanze," alisema, bila kuinua macho, "mchicha wako unanyauka juani. Nenda mama."

Kanze hakuwahi kutaka kubaki mahali kama alivyotaka kubaki pale. Lakini alijitwika beseni, akawafukuza na wale wa dukani kwa macho. Uani pakabaki nzi.

"Ulimwambia nani?" Rispah aliuliza tena, ila sasa kwa sauti ya mtu ambaye angependa asijibiwe.

"Mwezi wa nne, baada ya mvua ile kubwa," alisema Biasha. "Nilimkuta anapiga dawa. Nikamwambia, Joni mwanangu, haya yatawahi mno, Maulidi ni mwanzo wa mwezi wa tisa huko, mwambie mkeo mtunze mbegu mpande tena mvua ikikatika. Akaniambia, najua mama."

"Anajua nini?"

"Mfunguo. Alisema jikoni kwao hotelini Waislamu walikuwa wengi, miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwatengea futari. Hesabu zote anazijua. Akasema, niachie, nitamwambia mwenyewe akiwa ametulia. Nikamwachia. Ni mumeo, Rispah. Ningeingiaje katikati? Kila nikikuona asubuhi natazama kama umeambiwa. Ukija na furaha yako, nasema leo, atamwambia leo."

Rispah alikaa. Hapakuwa na kiti. Alikalia tikiti, nalo likashikilia kidogo, kisha likapasuka chini yake, maji yakamlowesha kanga, na hakuinuka.

Aliikumbuka pasipoti. Alikuwa ameiona kwenye droo akitafuta sindano, mpya, imetolewa mwezi wa tano, naye akajiambia ni ya mambo ya hotelini, ingawa hotelini hawakuwahi kuwapa pasipoti. Alikumbuka vilevile siku aliyosema huenda wapande na kipande cha upande wa chini, wachelewe kidogo, kama akiba, na Johnstone akasema, hapana, haya yanatosha. Na mluzi. Alikuwa anapalilia matikiti yasiyo na soko, jua na mvua, huku anapiga mluzi, kwa sababu kwake yeye shamba lilikuwa linakwenda sawasawa. Hakuweza kumwambia mkewe ninataka kwenda. Alitaka shamba limsemee.

"Kwa hiyo hata kama ningejua neno lile," alisema Rispah, "angeenda."

Biasha hakumdanganya. "Sijui, mwanangu. Labda angeenda mwezi wa tisa."

"Na kwa nini hukuniambia tangu Jumatatu? Nimekutukana siku tatu. Jana nimekuita mchawi."

"Nilisikia. Mtaa mzima ulisikia." Biasha alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Nikaona bora unigombeze kwa hasira kuliko ulie kwa hili. Mimi niko hapa, nitukane hata mwaka. Yeye ungemtukana wapi?"

Rispah hapo ndipo alipolia. Tangu Jumatatu alikuwa hajalia, alikuwa akigombana tu: na Biasha, na mtu wa maji, na kuku. Alilia akiwa ameinama, nzi wakimtua mgongoni, naye hakuwafukuza.

Chini ya ua, karibu na jiko, palikuwa na tundu ambalo wawili hao walikuwa wakipitishiana chumvi, moto, mwiko, na habari. Jumatatu Rispah alikuwa ameliziba kwa gunia la mbolea. Sasa gunia lilianza kutikisika. Mkono wa Biasha ukatokea, ukalivuta, likakwama, ukalivuta tena mpaka makuti mawili yakang'oka nalo, na tundu likawa kubwa kuliko lilivyokuwa, mtu anaweza kupita akiinama.

"Mbegu za matikiti haya," Biasha alianza kusema, uso wake ukiwa tunduni, "ukizikausha sasa hivi, mpaka Maulidi..."

"Usiniambie habari za mbegu leo, mama."

"Haya. Sisemi." Tikiti jingine likapasuka kwenye rundo. Kutoka jikoni kwa Biasha ilikuja harufu ya wali wa nazi.

"Umekula nini tangu Jumatatu?"

"Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa." Biasha aliunyosha mkono wake, wenye unga wa mchele kwenye kucha, ukapita tunduni mpaka ukamfikia gotini. "Nimepika wali, na mchuzi wa papa, na nimepika mwingi kwa kuwa nimezoea kuwapimia na nyinyi. Pitia hapa hapa, usizunguke njiani watu wakakuona na hiyo kanga. Maji ya kunawa yako mlangoni. Karibu, mwanangu, tule."