Dereva wa Mashine ya Moyo

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja ya mwezi wa sita, saa tatu kasorobo asubuhi. Gia Tatu, dereva pekee wa gari la wagonjwa la hospitali, alikuwa akipangusa kioo cha mbele kwa fulana kuukuu alipoitwa chumba cha vipimo. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu katika miaka kumi na tisa hakuna aliyemwona akiingiza gia ya nne.

Chumbani mlikuwa na kompyuta yenye rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Ilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, imeunganishwa na mashine ya kupima moyo, na haijawahi kugoma. Mfumo wake uliandikwa na watu wa kujitolea, na toleo la zamani lilizijua kadi zote za kuunganishia mashine kuukuu kama bibi anavyowajua wajukuu zake. Ila ilikuja barua kutoka kwa wakubwa, watu ambao hata picha ya kompyuta hiyo hawajaiona: mashine zote zihamie toleo jipya kabla mwezi haujaisha. Mganga mkuu hakuuliza swali. Fundi wa kompyuta akahamisha, akaondoka kwenda hospitali nyingine. Toleo jipya halikuwa na habari na kadi ya mashine ya moyo. Skrini ikaandika: DEREVA HAYUPO.

Fundi angekuwepo, angesema kwamba dereva wa mashine ni programu ndogo tu, inayoifundisha kompyuta kuzungumza na kifaa. Lakini aliyeisoma skrini alikuwa karani wa utawala, mtu wa kufuata maandishi. Alifungua daftari la wafanyakazi, akatafuta dereva, akakuta mmoja.

"Kaa hapo, mzee," karani alisema.

"Mimi hata ujumbe wa simu naandikiwa na binti yangu."

"Hujaambiwa uandike. Umeambiwa uwe dereva."

Gia Tatu alikaa. Skrini ikaandika DEREVA AMEPATIKANA, na kalamu ya mashine ikaanza kuchora moyo wa mama mmoja aliyelala kitandani. Gia Tatu aliusikia viganjani, kama usukani wa gari lililopakiwa mzigo upande mmoja. Ulipopanda mlima, alirudi gia ya pili. Muuguzi alichana karatasi, akaitazama, akasema ni safi, akaita mgonjwa mwingine.

Saa sita na robo simu ya Gia Tatu ililia mfukoni.

"Baba, mama anahema vibaya," binti yake alisema. "Midomo imebadilika rangi. Njoo na gari."

Alisimama. Kalamu ikachora mstari mnyoofu, na seremala aliyekuwa kitandani akafumba macho. Muuguzi akamshika Gia Tatu bega.

"Kaa, baba. Ukiinuka, huyu hatunaye."

"Mke wangu amezidiwa!"

"Nimesikia. Kaa kwanza, nimpigie mganga mkuu."

Mganga mkuu alijibu kwa sauti ya kusikika chumba kizima. Gari lipo, mafuta yamo, ila dereva yuko kazini, na kanuni hairuhusu mtu mwingine kushika usukani. Nyumbani kwa Gia Tatu ni mwendo wa dakika kumi na mbili, kwa gia ya tatu. Alikaa. Mkewe alikata roho saa saba kasoro dakika tano. Saa saba kamili seremala aliomba maji ya kunywa.

Gia Tatu alipewa siku tatu za msiba, na mashine ikafunikwa shuka. Siku ya nne alirudi kitini.

Kompyuta ile, kila ikiwashwa, huviita vifaa vyake kimoja kimoja kama mwalimu aitaye majina. Kibodi: ipo. Printa: ipo. Mashine ya moyo: ipo, dereva yupo. Asubuhi hiyo iliongeza mstari mmoja. Mke wa dereva: yupo, mlangoni, anasubiri gari.

"Mama kawahi," muuguzi alisema, akaendelea kutandika kitanda.

Printa ikakereza kidogo, ikatoa karatasi. Gia Tatu alimwomba muuguzi amsomee. Iliandikwa: *Nimeshavaa viatu. Na hiyo gia ya nne ipo, mume wangu, ungeijaribu.*

Alikunja karatasi, akaiweka mfuko wa shati.

Fundi aliporudi, aliutazama mstari ule, akatazama kiti, akatoa sidii kwenye mkoba.

"Mzee, dereva wa zamani yumo humu. Kumrudisha ni kazi ya dakika kumi. Wewe unarudi garini, unakwenda kumchukua mama."

"Basi mrudishe, unangoja nini?"

"Sahihi ya mganga mkuu."

Mganga mkuu alikuja mwenyewe hadi mlangoni.

"Mashine inapima?"

"Inapima," fundi alisema.

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Kuna mwanamke amesimama mlangoni kwangu," Gia Tatu alisema, bila kuachia usukani ambao haukuwepo. "Anasubiri gari."

"Mpelekeeni kiti," mganga mkuu alisema. Alimgeukia karani. "Na kwenye orodha, huyo mama aandikwe kifaa cha nje."

Karani aliandika, akampa namba.

Tangu hapo wagonjwa huletwa kwa toroli, na wengine hawaletwi. Matairi ya gari yamelala. Wakubwa walituma barua ya pongezi kwa hospitali iliyohamia toleo jipya kabla ya nyingine zote. Mganga mkuu ameitundika juu ya kiti cha Gia Tatu, mahali ambapo yeye pekee hawezi kuiona bila kugeuka.

Siku ya mia mbili, skrini iliandika jambo jingine. Karani alisema hilo halimo kwenye daftari lake. Fundi alisema linahitaji mwenye mamlaka. Muuguzi aliita mgonjwa mwingine. Mganga mkuu alikuwa kikaoni, na bado yuko kikaoni. Gia Tatu alisomewa mara tatu. Ili abonyeze herufi moja ni lazima aachie moyo wa mtu, na foleni haijawahi kwisha.

Kwa hiyo maneno yako pale hadi leo, yanawaka na kuzima:

*Mke wa dereva amesubiri siku mia mbili bila kuhudumiwa. Aondolewe? Ndiyo au hapana?*