Mwana wa Mfalme Lilicheka

Ofisini wananiita Mama Koma, na anayedhani ni jina la mapenzi shauri yake. Mimi ndiye msahihishaji wa nyumba ya vitabu yenye vyumba viwili, juu ya duka la magodoro, na mwaka wa nne huu tunachapa kitu kimoja tu: ngano za bibi zilizofufuliwa, zikapuliziwa manukato, zikaitwa riwaya za mahaba. Binti amelala miaka mia, hana hata kidonda cha mgongo. Kijana asiyemjua anaingia chumbani, anambusu usingizini, na badala ya kupiga kelele watu waje, binti anauliza harusi lini. Mwingine anaolewa na chura. Chura ana kifua kipana. Bosi wetu, tunayemwita Jalada kwa kuwa kitabuni hajawahi kuvuka hapo, anasema wasomaji wanapenda. Haya, wapende.

Basi mdogo wangu naye akaandika. Mdogo wangu wa tumbo moja, anayelala chumba cha wanangu tangu alipotoka kwa mumewe miezi mitano iliyopita na mfuko mmoja wa nguo. Jumamosi wazee walikuwa wanakaa kikao cha kumrudisha, na baba mdogo alishaniambia kwamba neno langu, mimi mkubwa wao, ndilo litakaloamua. Nilikuwa nimeshaamua. Shemeji ni mtu wa salamu, anavaa vizuri, hakosi msibani. Mvumilivu hula mbivu, nilimwambia mdogo wangu, ingawa sikumwambia mbivu zipi.

Riwaya yake ilinifikia mezani Jumatano. Jalada alikuwa ameipenda bila kuisoma. Msimuliaji ni binti maskini aliyeolewa jumbani na mwana wa mfalme mwenye meno meupe, na kurasa arobaini za mwanzo mambo safi: mwana wa mfalme alicheka, alinishika mkono, alinivika pete. Ukurasa wa arobaini na moja nikakuta, "Mwana wa mfalme lilicheka." Nikasema kidole kimeteleza. Chini kidogo, "Lilinifungia mlango." Halafu, "Liliniuliza nilikuwa wapi." Kufika sura ya saba ni li- mtindo mmoja, utadhani bibi harusi ameolewa na kabati.

Miaka ishirini na miwili nimewasumbua watoto wa watu kwa jambo hili. Kiumbe hai ni a-, awe mfalme, awe mbu. Nikashika kalamu nyekundu. Hizo li- zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, na nilizigeuza moja moja kwa raha zangu, huku nikijiuliza huyu mtoto alisomea wapi, maana shule tulisoma moja.

Alhamisi mchana nikampelekea nyumbani. Alikuwa anaanika shuka. Akafuta mikono kwenye khanga, akafungua kurasa, akasoma tatu nne amesimama palepale.

"Dada, umelirudishia utu," akasema.

"Nimekurudishia sarufi. Shukuru."

"Hukuona kwamba halioti pembe wala mkia? Nguo zilezile, meno yaleyale. Wageni wote wa jumbani wanasema 'a-' mpaka mwisho wa kitabu. Anayesema 'li-' ni mke peke yake, maana ndiye anayebaki nalo wageni wakiondoka."

Nilitaka kumjibu kuhusu ngeli. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Siku ile nilipofika kwako," akaendelea, "nilikwambia limenivunja kidole. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimjibu kwamba mume haitwi li-, sema amenivunja. Nilimsahihisha kwanza, kidole nikakitazama baadaye.

Niliona aibu, na aibu yangu hutoka kwa sura ya hasira, kwa hiyo nikamgombeza kwamba shuka amezikunja. Nikazianika upya mwenyewe, zote nne, kisha nikachukua kurasa zangu nikarudi ofisini.

Sisi wasahihishaji tukikosea tuna adhabu yetu. Unatia vinukta chini ya neno ulilolikata, na pembeni unaandika "ibaki", ili mpiga chapa asiliguse. Niliandika "ibaki" mara mia mbili na kumi na mbili. Na safari hii nilisoma. Ukurasa wa tisini lilimtaka atabasamu mbele ya wageni, akatabasamu, na mimi nikakumbuka harusi mbili na msiba mmoja ambako nilimwona mdogo wangu akitabasamu hivyohivyo. Jalada alipokuja kuuliza kwa nini kurasa zimejaa vinukta, nikamwambia lake ni jalada.

Ijumaa asubuhi baba mdogo akanipigia simu.

"Mkwe wetu kesho anakuja na wazee wake," akasema. "Anasema amejirekebisha. Tunangoja neno lako tu, mwanangu."

"Lisije."

Akauliza, "Lisije nini?"

"Mume wa mdogo wangu. Likija halitamkuta, na langu mimi ni hilo."

"Mwanangu," akasema taratibu, kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "si wewe unayetusahihishia hata kadi za harusi? Tangu lini mtu akasemwa hivyo?"

"Mtu hasemwi hivyo, baba," nikamwambia.