Ukurasa wa Arobaini na Saba

King'ora kilipolia kwa mara ya tatu, Dada Saa hakukimbia. Alichomoa penseli sikioni, akaandika dakika kwenye kitabu chake, kisha akawasha taa za ukumbi na kuwaambia watazamaji kwa kipaza sauti watoke taratibu, wasisukumane. Watu mia mbili na ushee wakainuka wakiguna. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Aa, hawa nao! Si wauze tiketi za kusimama nje, tujue moja!" Watu wakacheka. Dada Saa hakucheka hata kidogo, alikuwa na hasira ya kutafuna misumari.

Huyu Dada Saa alikuwa msimamizi wa jukwaa. Kazi yake ni kukaa kwenye kigoda kirefu pembeni, nyuma ya pazia, mchezo wote ulioandikwa ukiwa mapajani, akimwambia mtu wa taa lini awashe na waigizaji lini waingie. Kila kinachotokea anakiandika kandokando ya maneno: hapa wamecheka, hapa kiti kimelia, hapa mtoto kadai maji. Ukipiga chafya jukwaani, ujue imo kitabuni. Ndiyo maana wakampa jina hilo, na yeye hakulikataa.

Sasa Jumamosi zote tatu tangu msimu uanze mchezo ulikuwa umekatika katikati. Ya kwanza, king'ora kililia saa kumi na robo alasiri, watu wakamwagika uani, moto haukuonekana. Kioo cha kitufe cha king'ora kilikutwa kimevunjwa. Ya pili ulikuwa moshi wa kweli, mweusi, unaotoka chumba cha mavazi, pasi imeachwa juu ya matambara. Siku hiyo bibi mmoja aliteleza kwenye ngazi akateguka mguu, akabebwa analia kama mtoto. Na ya tatu ndiyo hii, king'ora tena, kioo kimevunjwa tena.

Mkuu wa zimamoto alivua kofia yake ya chuma pale uani, akajifuta jasho. "Sikiliza, dada. Nimekuja mara tatu na gari kubwa na watu tisa. Mara ya nne nikija nisikute moto, ukumbi huu naufunga, na kikundi chenu mkatafute pa kwenda."

"Pa kwenda wapi, afande? Hatuna pengine."

"Hilo si langu," akasema, akapanda gari lake.

Na kweli hawakuwa na pengine. Miaka kumi na tisa walikuwa wakicheza kwenye ukumbi huo mmoja. Mlango ule ukifungwa, kikundi kimekufa, na Dada Saa alilijua hilo kuliko wote, kwa sababu mwenye kikundi alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyemlea na kumkalisha kwenye kigoda kile akiwa na miaka kumi na saba.

Mjomba alikuwa na sheria mbili, na ole wako uzivunje. Ya kwanza: mwigizaji akisahau maneno, hakuna kumnong'oneza. "Mwigizaji wa kunong'onezewa ni kasuku," alikuwa akisema, na aliwahi kumfukuza mtu mzima na heshima zake kwa kumtupia mwenzake neno moja tu. Ya pili: mchezo ukikatizwa, hakuna kurudia. Watu wakirudi ndani, inaanza sehemu inayofuata. Kilichokatika kimekatika.

Dada Saa alikuwa ameanza kutafuta mchawi wake tangu Jumamosi ya pili. Macho yake yalimwangukia kwanza Kioo, kijana anayecheza mtoto wa kwanza wa mzee, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kujitazama. Kijana huyo alikuwa amekariri maneno yote ya Mjomba, ambaye ndiye huyo mzee wa mchezo. Dada Saa alimsikia kwa masikio yake akiyasema msalani, mlango umefungwa. Sasa mtu mwenye nafasi yake anakariri ya mwenzake ili iweje? Anamwombea mzee aanguke, si ndiyo hivyo? Alimvalia njuga juma zima. Lakini akifungua kitabu chake, kitabu kinamsuta. Mara zote tatu Kioo alikuwa jukwaani, amepiga magoti mbele ya Mjomba, ukumbi mzima unamwona.

Akabaki Mama Pindo, mshonaji wa mavazi ya kikundi.

Ee, huyu sasa kila kitu kilimwangukia. Kitufe kiko ukutani hatua mbili kutoka mlango wa chumba cha mavazi. Pasi ni yake. Na leo, wote walipotoka mbiombio, yeye alitoka na koti la Mjomba, lile alilokuja nalo kutoka nyumbani, mkononi, limekunjwa vizuri, kola juu. Mtu anayekimbia moto hukunja koti saa ngapi?

Damu ilimchemka. Pale pale uani, mbele ya waigizaji wote, akauchukua mkoba wa Mama Pindo na kuumwaga juu ya benchi. Nyuzi, mkasi, miwani, dawa ya presha, na nyundo ndogo iliyofungwa kitambaani.

"Na hii ni ya nini?"

"Ya kugongea vishikizo vya chuma, mwanangu."

"Vishikizo! Na vioo je?"

Mama Pindo hakula kiapo, hakulia. Alimtazama Mjomba tu, naye Mjomba alikuwa amekaa kwenye ngazi anatazama viatu vyake, kama vile maneno yale yalikuwa yanasemwa nyumba ya pili.

"Jumamosi ijayo usije," Dada Saa akamwambia.

Mama Pindo akakusanya vitu vyake kimoja kimoja. "Jumamosi ijayo kuna koti la kufungwa vifungo," akasema. "Nitakuja."

Aibu iliyomshika Dada Saa usiku ule hata yeye hakuielewa. Si alikuwa amemkamata mtu wake? Mbona moyo hautulii? Kulikuwa na kitu kinamkwaruza, na asubuhi, akiosha vyombo, akakijua. Watu wote wa kikundi walikuwa wamemuuliza: nani anafanya hivi? Mtu wa taa kauliza, mkata tiketi kauliza, Kioo kauliza mpaka kachosha. Mjomba peke yake hakuuliza. Ukumbi wake, kikundi chake, na hakuuliza.

Akafuta mikono, akakifungua kitabu, akafunua ukurasa mmoja mmoja. Kurasa zote zilikuwa zimechafuka kwa penseli. Alipofika wa arobaini na saba akasimama. Mweupe pe! Hata nukta ya penseli; dakika zote tatu za kukatika alikuwa ameziandika chini ya wa arobaini na sita.

Ukurasa huo una maneno ya mtu mmoja tu. Baba, ambaye ni Mjomba, anawaita watoto wake na kuwaeleza jinsi alivyoijenga nyumba wanayoigombania. Ndiyo roho ya mchezo. Na mara zote tatu mchezo ulikatika ukurasa huo, na kwa ile sheria ya kutorudia, waliporudi ndani waliuruka. Msimu mzima hakuna aliyeusikia. Hata kwenye mazoezi Mjomba alikuwa akipunga mkono: "Hii naijua, msinipotezee muda."

Dada Saa akavuta kiti akakaa. Hapana, akajiambia. Mjomba yuko jukwaani, hawezi kubonyeza kitufe. Kwa hiyo wanakula njama wawili? Mjomba na mshonaji, kukiua kikundi chake mwenyewe? Alijiona mwehu. Lakini shaka ikishaingia kichwani haiombi ruhusa ya kukaa.

Jumatano akaenda kwa Mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu. Kaa hapo, chai iko tayari."

Akamimina, wakaongea habari za watu. Dada Saa akachomekea, kama mzaha, "Mjomba, hebu nisomee ile ya nyumba, nipime dakika zake."

Uso wa Mjomba ukabadilika. "Umekuja kunipima mimi au dakika?"

"Dakika tu, mjomba."

"Nilikuwa jukwaani hujazaliwa wewe!" Akainuka, akaenda dirishani, akakaa huko kitambo. Alipogeuka alikuwa amechangamka tena, anatabasamu kwa upole. "Mbona umekaa mikono mitupu? Nikumiminie chai?"

Kikombe kilikuwa mkononi mwa Dada Saa, kimejaa mpaka mdomoni. Akakiweka chini ya kiti, taratibu. "Nimiminie, mjomba," akasema.

Jumamosi ikafika. Mkuu wa zimamoto naye alikuja, safari hii na shati la maua, akakaa safu ya tatu na kukunja mikono. Dada Saa akabeba kigoda chake mpaka kwenye kitufe, akakaa hapo mgongo ukutani, jukwaa analiona kupitia upenyo wa pazia. Leo anayetaka kubonyeza atapita juu yake.

Mchezo ulikwenda vizuri. Watu walicheka walipotakiwa kucheka. Ukurasa wa arobaini na nne, wa arobaini na tano, wa arobaini na sita. Kioo akapiga magoti. Mjomba akapiga hatua mbili mbele, akafungua mdomo, akaufunga. Mkono wake ukapanda kifuani, ukashika kifungo cha tatu cha koti na kuanza kukizungusha.

Mama Pindo akatokea gizani na nyundo yake.

"Mwanangu, sogea."

"Sisogei."

"Unataka afie pale mbele za watu?"

"Yeye ndiye aliyekutuma?"

"Hajanituma!" Mama Pindo alikuwa ananong'ona kwa ukali. "Hajui hata kama najua kuwa anasahau. Miaka ishirini na sita namfunga vifungo. Akipotea anashika cha tatu. Siku ya kwanza nilisikia mtu wa mbele anaanza kucheka. Mzee yule achekwe? Sikufikiri mara mbili."

"Na yule bibi aliyeteguka mguu?"

Mama Pindo akainamisha kichwa. "Nimekwenda kumwona mara tatu. Hilo litanifuata mpaka kaburini."

Jukwaani kimya kilikuwa kimeanza kunenepa. Mtu akakohoa. Safu ya tatu, mkuu wa zimamoto akajisogeza kwenye kiti. Dada Saa alimtazama mjomba wake, mtu aliyezoea kumwona anaujaza ukumbi mzima, na sasa amesimama kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua. Kitufe kikibonyezwa, kikundi kimekufa. Akinyamaza, Mjomba anakufa mbele yake. Na njia ya tatu ilikuwa ile ambayo Mjomba mwenyewe aliwahi kumfukuzia mtu.

Akakifungua kitabu kwenye ukurasa mweupe. 

"Nyumba hii niliianza na ukuta mmoja," akanong'ona.

Shingo ya Mjomba ikakakamaa. Amesikia. Dada Saa alifumba macho akingoja afukuzwe mbele ya watu mia mbili.

"Nyumba hii," akasema Mjomba, "niliianza na ukuta mmoja."

"Nikauegemea miaka miwili kabla sijapata wa pili."

"Nikauegemea miaka miwili," akasema Mjomba, na sauti ikaanza kurudi mwilini mwake, "kabla sijapata wa pili!"

Wakaenda hivyo, sentensi kwa sentensi, mmoja gizani mmoja kwenye mwanga. Safu ya mbele walimsikia Dada Saa, hilo halina ubishi. Mwanamume mmoja alimgeukia mkewe, mkewe akamfinya, akatulia. Hakuna aliyecheka. Na Dada Saa alipoinua macho mara moja kutoka kitabuni, akaona midomo ya Kioo, pale chini alipopiga magoti, ikisogea bila sauti, neno kwa neno, akimkazia macho mzee. Kijana alikuwa akimsomea kwa midomo. Bila shaka alifanya hivyo Jumamosi zote tatu, naye mzee hakuona, kwa sababu macho yake yalikuwa yamepotea mbali. Kumbe yale maneno ya msalani yalikuwa ya kazi hii! Dada Saa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Pazia liliposhuka, watu walisimama wakapiga makofi mpaka vumbi likadondoka kwenye taa. Mkuu wa zimamoto alipiga kuliko wote.

Dada Saa akamgeukia Mama Pindo. "Mama yangu, nimekukosea. Nimekumwagia mkoba mbele za watu. Nisamehe."

"Nimekusikia," Mama Pindo akasema. Akamkabidhi nyundo. "Kaa nayo wewe. Mimi nitagonga vishikizo kwa kiatu. Ya leo uliniambia nisije; na Jumamosi ijayo, nije?"

"Njoo, tafadhali."

Mjomba akaingia kutoka jukwaani, jasho linamtiririka. Alimtazama Kioo, akamtazama Mama Pindo na mkono wake mtupu, akakitazama kigoda kilipohamishiwa na kitufe nyuma yake. Akakaa kwenye kigoda kile, kwa uzito.

"Nani alikuwa ananong'ona?"

"Ni mimi, mjomba," Dada Saa akasema, machozi yanamtoka wazi wazi. "Nifukuze ukitaka."

Mama Pindo akapiga magoti mbele ya Mjomba akaanza kumfungua vifungo, cha kwanza, cha pili. Alipofika cha tatu Mjomba akaushika mkono wake, akaung'ang'ania.

"Jumamosi ijayo," akamwambia mpwa wake bila kumtazama, "paza sauti kidogo. Na sikio nalo limeanza."