Bawa Jekundu

Tik.

Mlio ulitoka sebuleni, gizani, kabla hakujapambazuka. Mama Kijino aliufahamu kama anavyofahamu kikohozi cha mwanawe: pasi imeshika moto, imejikata yenyewe. Akapapasa kitandani. Mahali pa dada yake palikuwa patupu. Ananyoosha gauni lake la usaili, aliwaza, akajigeuza na kulala tena, moyo umemtulia. Tangu dada ahamie kwake, nyumba ilikuwa imepata mtu wa kucheka naye.

Asubuhi hiyo wote wawili, wakiwa na mtoto, walikuwa wanakwenda kwenye karakana ya ndege ndogo za kurushwa kwa rimoti. Nafasi ilikuwa moja tu: fundi wa kuvika mabawa. Kila mwombaji alitakiwa kuleta bawa alilolivika mwenyewe. Mama Kijino alijifunza kazi hiyo kwenye darasa la jioni, mtoto akisinzia benchi la nyuma, kisha akamfundisha dada mezani pao. Plastiki yenye gundi unaitandaza juu ya mbavu za mbao nyepesi, unabana kingo kwa pasi iliyovishwa soksi isije ikakwaruza, halafu unapasha katikati. Hapo plastiki inajivuta yenyewe, na ukiigonga inalia ngo! kama ngoma. Soksi ilikuwa ya Kijino, iliyopotelewa na mwenzake.

"Ila dada, usizidishe moto upande mmoja. Bawa linapinda kama mdomo wa mtu aliyenuna."

"Kama wako ukikosa chai," dada alimjibu, wakacheka mpaka wakamwamsha mtoto.

Mkuu wa karakana, mwanamama mwenye miwani inayoning'inia kifuani, aliliweka bawa la dada juu ya meza ya kioo. Likatulia. Akaliweka lile jekundu la Mama Kijino. Kona moja ikainuka. Alipoibonyeza, ikainuka ya pili, likawa linacheza kama kiti chenye mguu mfupi.

"Hili limepinda, mwanangu. Ndege yake itajibiringisha hewani ianguke chali."

Mama Kijino aliligonga. Upande wa chini, mlio ulikuwa uleule aliouacha jana. Upande wa juu, ulikuwa mkali mno. Akaliinua kwenye mwanga: mikwaruzo myembamba, ya pasi isiyo na soksi. Akageuka kumtazama dada. Gauni la dada lilikuwa na mikunjo yote ya sandukuni.

Tik.

"Nilimwambia asifanye pupa," dada alimwambia mkuu kwa sauti ya huruma. "Huyu mdogo wangu ana mikono mizuri, tatizo akili yote iko kwa mtoto."

Mama Kijino akimtaja, dada atalala wapi leo? Asipomtaja, kazi ndiyo imekwenda, na dada anajua hivyo. Kilichomchoma zaidi ni kwamba alimfundisha mwenyewe, kwa mdomo wake, akicheka.

"Naomba pasi," alisema.

Akatoa soksi mkobani, akaivisha pasi. Akalikunja bawa kinyume cha lilivyopinda, akalishikilia hivyo huku akilipasha polepole, chini kisha juu, machozi yakimdondokea kifuani. Likapoa mikononi mwake. Alipolilaza kwenye kioo, halikutikisika hata chembe.

Mkuu alivaa miwani. "Anayejua kulinyoosha namna hii asingelipindisha. Nani alilipasha?"

Mama Kijino alimtazama dada yake, akimwachia nafasi. Hata sasa bado alitumaini. Dada alikuwa anarekebisha mkanda wa mkoba.

"Si yeye mwenyewe? Nani mwingine?"

Sakafuni, Kijino aliacha kuchezea vipande vya plastiki, akainua uso wenye pengo la jino.

"Mama mkubwa alilipiga pasi bawa la mama wakati mama amelala."