Mlango wa Kushoto

Kazi yangu ni kuyaokoa majumba yaliyochoka. Jimbo letu ni mashamba na miji midogo iliyotawanyika, na kila mji una jengo lake la zamani lililokosa kazi. Ofisi yetu hulitafutia kazi nyingine. Kinu cha pamba tumekifanya shule ya ufundi. Posta moja sasa ni ghala la mbegu. Jela tuliigeuza maktaba, na msimamizi wake hujisifu kwamba mpaka leo hajatoroka msomaji hata mmoja. Humwambia hivyo kila mgeni, nami nimeshamsikia mpaka basi.

Tuna sheria moja tusiyoivunja: kumbukumbu ya mtu si ushahidi, picha ni ushahidi. Waulize wazee wa mji baraza ilikuwa upande gani, kila mmoja atakupa upande wake na kiapo juu. Picha haina ubishi. Sheria hiyo niliitunga mimi, na vijana wa ofisini wanaoisahau nawafokea bila huruma.

Kisha ikaja zamu ya stesheni ya zamani.

Mle ndimo nilimozaliwa. Baba alikuwa mkuu wa stesheni, na familia nzima tuliishi kwenye vyumba vya nyuma mpaka reli ilipofungwa, nikiwa sijaanza shule. Baadaye jengo likawa ghala la mazao. Wenye ghala walibomoa kuta za ndani, wakatoboa milango mbele kulia na kushoto ili malori yapakie kwa urahisi, wakamwaga sakafu ya saruji juu ya kila kitu. Tulipolipokea lilikuwa boksi tupu, upande huu sawa na ule. Lilitakiwa kuwa zahanati ya wajawazito na watoto, nasi tulitaka vyumba virudi vilivyokuwa. Ili virudi, ilibidi tujue mlango wa asili ulikuwa upi.

Mimi nilikumbuka kushoto. Ukisimama relini ukalitazama jengo, mlango ulikuwa kushoto na dirisha la tiketi kulia. Nilikumbuka kwa miguu kuliko kwa kichwa.

Lakini picha ilikuwepo, moja tu, ukutani sebuleni kwa dada. Fundi wa studio aliisafisha kutoka kwenye filamu ya zamani baada ya baba kufariki. Baba amesimama mbele ya jengo, saa kwenye mkono wa kulia, baiskeli yake imeegemea ukuta. Mlango uko kulia.

"Kulia," dada alisema, kama vile niliuliza jua linachomoza wapi. "Nilikuwa nakaa kwenye kizingiti hicho hicho nakusuka nywele. Wewe ulikuwa kitoto, utakumbuka nini?"

"Na saa? Baba hakuwa akiivaa mkono wa kushoto?"

"Mbwembwe tu za kupigwa picha. Ndiye baba yako huyo."

Dada ni mkubwa kwangu, na tangu nimjue hajawahi kukosea, angalau hajawahi kukiri. Nikafuata picha. Tuliuziba mlango wa kushoto kwa matofali, tukapanga kila kitu kuufuata wa kulia.

Kuta zilipokwisha kusimama ndipo mimi nikaanza kupotea. Nilikuwa nikipanda kutoka relini, mawazo yangu yako kwenye rangi au mabati, nashtukia nimesimama mbele ya ukuta. Siku moja niliufuata ukuta huo na kikombe cha chai mkononi, nikajigonga paji la uso, chai yote kifuani. Mwashi wetu, tunayemwita Timazi kwa sababu kuta zake zimenyooka lakini yeye hutembea upande, aliniokotea kikombe.

"Mama, mlango uko huku," aliniambia taratibu. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Ndani mambo yalikuwa yale yale. Nilitafuta chumba cha sindano nikatokea chooni. Ramani niliichora mimi! Niliishika mkononi, nikaisoma, nikaielewa, kisha nikageukia upande usio sahihi. Nilianza kuogopa sana.

Niliogopa kwa sababu mama yetu alianza hivyo hivyo. Alikwenda stoo ya nyumba yake akatokea uani, akauliza hapa ni kwa nani. Tulicheka sote, yeye pia. Alipofariki alikuwa hatujui, mimi wala dada.

Nilimweleza dada. Nilimshika mkono nikamwambia, "Usimwambie mtu." Hata jioni haikufika, ukoo mzima ulishajua. Mpwa wangu alinipigia simu kuniuliza leo ni siku gani, nikamjibu kwa hasira kwamba kama hajui akaangalie kalenda. Baadaye nikagundua ananipima. Kisha dada akaja na uamuzi: nikishakabidhi zahanati niache kazi, nyumba yangu ipangishwe, nihamie chumba cha uani kwake aweze kunitazama.

"Si kwa ubaya, mdogo wangu. Kwa mama tulichelewa."

Nikakubali. Mtu asiyeuona mlango wake mwenyewe atabishana na nani? Nililia peke yangu garini, nikafuta uso, nikarudi kukagua mabomba.

Siku moja kabla ya makabidhiano dada alikuja kulitazama jengo. Muuguzi mkuu alikuwa amewahi, baiskeli yake ameiegemeza ukutani. Ile picha ya baba tulikuwa tumeikuza tukaitundika karibu na mlango, na dada akasimama kuisifu. Mimi nikasimama nyuma yake, naitazama picha, naitazama baiskeli ya muuguzi.

Kuna kitu kilinisumbua nisijue ni nini. Baiskeli zote mbili zilielekea kushoto. Ya muuguzi haikuonyesha mnyororo, kwa sababu mnyororo wa baiskeli hukaa upande wa kulia, na baiskeli ikielekea kushoto huo mnyororo hujificha upande wa ukutani. Ya baba ilionyesha mnyororo wake wote, waziwazi.

Nikamwomba muuguzi aigeuze baiskeli yake. Akaigeuza. Nikamwomba airudishe. Nikaona dada anamkonyeza pole, kama kumwambia mvumilie huyu.

"Dada, picha imegeuzwa," nikasema. "Fundi wa studio aliilaza filamu kinyume, upande usio sahihi. Kulia ni kushoto. Ndiyo maana hata saa iko mkono usio wake."

"Haya, mdogo wangu. Kaa kwanza unywe maji."

Sikukaa. Nilimwita Timazi na tindo, nikamwonyesha chini ya mlango tuliouziba. "Vunja saruji hapa."

"Mama, kesho wageni wanakuja."

"Vunja!"

Akavunja. Saruji ya wenye ghala ilitoka kwa mabamba, na chini yake likatokea jiwe refu la kizingiti, limelika katikati kwa miguu ya watu. Timazi alipapasa lile bonde kwa kiganja, akanitazama, akaanza kucheka. Nami nikacheka mpaka mbavu zikauma. Nilikuwa nimejenga zahanati nzima kinyumenyume, kwa sheria yangu mwenyewe, na kesho ningesimama mbele ya wakubwa kuwaambia hivyo, na sikujali hata kidogo. Nilikuwa mzima! Akili yangu ilikuwa yangu!

Nikageuka kumtafuta dada nimringie. Ana deni la kuniomba radhi, nilijiambia, tena mbele ya ukoo.

Alikuwa ameinama juu ya lile jiwe. Uso ulikuwa umemshuka.

"Lakini mimi nakumbuka," alisema. "Nilikaa pale, kulia. Jua lilikuwa likinipiga shavu hili. Kichwa chako kilikuwa mapajani mwangu, nakumbuka mpaka chanuo."

"Dada, umeitazama picha ile kila siku tangu baba afariki. Ingemchanganya yeyote."

"Mbona wewe haikukuchanganya? Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa."

Muuguzi alijitia kufuta tandiko la baiskeli. Dada akalishika shavu lake la kulia, akalishika la kushoto, kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Usiwaambie watoto," alisema.

"Siwaambii."

Maringo yote yalikuwa yameniisha. Nikamsimamisha, nikamfuta vumbi la saruji magotini, nikamwambia twende ndani tukanywe chai. Tukaingia kwa mlango wa kulia, ule wa uongo, kwa kuwa ndio pekee uliokuwa wazi.