Samaki wa Kuchemsha wa Germaine

Samaki wa kukaanga hataki maneno mengi. Unamfuta kwa kitambaa mpaka ngozi ikauke, unampaka chumvi na unga kidogo wa muhogo, unangoja mafuta ya mawese yapate moto mpaka yanyamaze, ndipo unamtia. Usimguse. Akiiva anajibandua mwenyewe. Mtu akirudi kazini saa kumi na mbili, saa kumi na mbili na nusu anakula. Haya yote nilifundishwa na Germaine, dada ya marehemu mume wangu, na nyumbani kwangu Germaine hali samaki wa kukaanga.

Wake huchemshwa kwa maji na chumvi. Sheria hiyo niliiweka mimi, na binti yangu Elodie ameirithi.

Wakati wa vita, mji ulipozingirwa na njia za mashambani zikafungwa, sisi watu wa Kindu, huku Kongo, tuliacha kukaanga. Harufu ya mafuta ya moto iliwaonyesha askari nyumba ambayo bado ina chakula. Tulichemsha, tukafunika sufuria. Jioni moja Germaine akakaanga samaki watatu. Askari waliingia kabla hajamgeuza wa pili. Wakala samaki, wakamchukua mume wangu Onema awabebee mizigo, na hatukumwona tena. Elodie alizaliwa miezi minne baadaye.

Ukoo ulipouliza, nilisema Germaine alishindwa na ulafi. Yeye alinyamaza kwa sababu nilikuwa na tumbo kubwa. Alifikiri nitasema kweli nikishajifungua. Nimejifungua zamani. Kweli ni kwamba mimi ndiye niliyemlilia siku tatu anikaangie. Mimba ilikataa vya kuchemsha, kila nilichokula kilirudi. Alinihurumia, na kwa huruma hiyo ninamchukia mpaka leo. Mnishangae mkitaka.

Jumanne hii Elodie, mwenye mimba ya miezi mitano, alipiga simu kutoka duka la dawa anakofanya kazi. Alisema mchuzi unamtapisha, anataka samaki mkavu wa kuvunjika mdomoni. Germaine alisikia. Akavuta kigoda karibu na jiko la makaa, akangoja nimalize kupaka unga.

"Mama Elodie," akasema, "nilibeba ile kitu miaka yote juu yako. Sitaki kingine. Umuambie mutoto kweli mbele nikufe, asinizike kama muntu mubaya."

Nikamwambia asogee, mafuta yanaruka.

Elodie akashuka kwenye pikipiki, akanawa, akala wawili bila kupumua. Ngozi ilikuwa ikilia menoni mwake. Kisha akamsukumia shangazi yake bakuli la mchuzi mweupe, akamwuliza kama tuwaite askari waje wale naye, kwa kuwa amezoea kuwakaribisha. Nilicheka. Germaine akakoroga mchuzi wake.

Elodie akajifuta vidole, akaweka mkono juu ya tumbo.

"Mama, wakati ulikuwa na mimba yangu, ulikuwa unatamani nini?"

Germaine akaweka kijiko chini. Akaniangalia usoni, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka, na macho yake yalikuwa na tumaini mpaka nikaona aibu. Kilichobaki kilikuwa neno moja, na lilikuwa pale pale mezani, limekaangwa. Lakini binti yangu alikuwa akitabasamu, na nilijua tabasamu lile lingekwenda wapi. Niliogopa.

"Sombe," nikasema. "Sombe tu, na bugali."

Elodie akacheka, akasema kwamba basi majani ya muhogo ndiyo yaliyomjenga mifupa, akaomba samaki wa tatu. Nikampa.

Germaine akachukua tena kijiko chake. Alikula polepole mpaka mwisho, akitoa miiba mdomoni mmoja mmoja na kuipanga kando ya bakuli. Alipoinuka kwenda kuosha sufuria yake, nikampa na kikaango akioshe.