Firigisi ya Mgeni

Siku ile nilitoka jikoni kwenda langoni, langoni kurudi jikoni, mpaka mbwa akachoka kunifuata. Kuku alikuwa tayari. Mume wangu Wepukhulu alikuwa sebuleni akipangusa kiti ambacho nilishakipangusa mimi, mdomo ameufunga. Mdomo huo ndio ulioninyima raha.

Kanisa letu la Bokoli na lile la Kitale yalikuwa yameamua: tumeombea amani miaka mingi, sasa Wabukusu na Wakikuyu watembeleane majumbani, wale chakula pamoja, na mwenye neno aliseme. Sisi tulipangiwa Gachanja na mkewe Wacera, wanaokaa mtaa wa Tuwan, kule Kitale. Zamani walikuwa majirani zetu hapa hapa, ingawa hatukuwahi kula meza moja. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi kisiagi chao cha mahindi kilichomwa, wakakimbia na nguo za mwilini. Wepukhulu alikuwepo. Alimwahidi Pasta Hesbon, mbele yangu, kwamba ataungama mezani. Tangu hapo akawa anatafuta ugonjwa. Malaria imejaa Bungoma nzima, kwake ikakataa.

Wakafika. Tukasalimiana, tukaomba, maombi marefu ya watu wanaoogopa kufungua macho. Wepukhulu akasifu mvua. Akaisifu tena. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, akahamia bei ya mbolea!

Ndipo akachukua firigisi ya kuku akaiweka kwenye sahani ya Gachanja. Nilishtuka. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba; akimpa mgeni, amempa heshima yote aliyo nayo. Nikajua mzee wangu anataka firigisi iseme badala yake.

Gachanja akaitazama, akamhamishia mkewe. "Si wewe ndio unapendanga hii." Wacera akaitia mdomoni.

Tonge la Wepukhulu likabaki hewani. "Mzee, hiyo haipewangi mwanamke! Hapa kwetu hiyo ni matusi, bana."

Wacera aliacha kutafuna, maskini. Nilitamani ardhi inimeze.

Gachanja akaweka mikono magotini. "Sikujua. Nimekukosea ndani ya nyumba yako. Nisamehe, mzee."

"Basi, si neno," Wepukhulu akasema.

"Umeona vile imekuwa rahisi?" Gachanja hakupandisha sauti. "Firigisi tu, na nimeomba msamaha hata kabla mama hajameza. Mimi nimengoja mtu wa hapa aniambie hilo neno juu ya kisiagi changu. Nimengoja mpaka nimeota mvi."

Nilimtazama mume wangu kwa hasira yote niliyokuwa nayo, na kwa mapenzi pia, nisiwadanganye. Kama angerudia mvua, ningeondoka pale mezani.

"Vijana walishindwa na mlango wa mbele wa kisiagi," akasema mwishowe. "Ni mimi niliwaonyesha ule wa nyuma. Nisamehe, ndugu yangu."

Wacera akaanza kulia. Gachanja akavuta beseni akanawa mikono, ingawa chakula chake kilikuwa bado hakijaguswa.

"Asante kwa kusema," akamwambia. "Lakini leo chakula chako hakiwezi kupita hapa kooni, Wepukhulu. Jumapili mkuje Tuwan na mama. Nitajaribu kula na wewe huko."